Sindano Butu Waliporudi, na Mie Mlangoni

Nyinyi wajukuu mnaoanza kazi ya mlango, nakuombeni msimtazame mgeni mikononi. Mtazameni anavyotembea. Mwanamke aliyeficha kamera hutembea kama aliyebeba bakuli la mchuzi lililojaa pomoni. Mabega hayatikisiki, miguu tu ndiyo inayokwenda. Asiye na kitu huja anajikwaa na abaya lake, anaita watoto, anauliza choo kiko wapi. Huyo mwacheni apite.

Skuli nilikwenda kidogo na hati yangu mbaya, mnistahamilie. Lakini majina sisahau. Mtu akinipita mlangoni mara moja nikamuuliza binti wa nani, basi nnaye mpaka kaburini.

Kazi yenyewe mnaijua. Hapa Maskati, Omani, shughuli ya wanawake ina ukumbi wake. Ndani abaya huvuliwa, nywele huachiwa, watu hucheza na dhahabu zao kwa raha zao. Picha moja ikitoka ikafika kwa wanaume, ipo nyumba italia. Ndiyo mlangoni huwekwa mtu mzima mwenye macho makavu, akague mikoba, azuie kila chenye kupiga picha au kuchukua sauti. Mtu huyo nilikuwa mie, Bi Zamzam, tangu kamera zina filamu mpaka simu zilipoota macho.

Aliyenifunza ni Bi Ruzuna binti Khelef, mwanamke wa Ng'ambo, Unguja, mnene, akikaa kwenye kiti mlango unazibika wenyewe. Alikuwa akisema, "Mwenye haraka ya kukufungulia mkoba, kitu chake hakimo mkobani." Siku moja alikuja bibi mmoja na bati la halwa, amelikumbatia kifuani, anasema ni zawadi ya bibi harusi. Bi Ruzuna akasema halwa ya leo ina harufu gani, hebu nionje. Yule bibi akasema imefungwa, si adabu kuifungua. Bi Ruzuna akasema, adabu ntaitafuta baadaye. Akafungua. Halwa ilikuwepo, tena nzuri, ya zafarani, lakini ilikuwa imechimbwa katikati kama kisima, na kamera imelala ndani imefungwa kwa karatasi ya nailoni. Bi Ruzuna akaitoa kamera, akala halwa iliyozunguka, akamwambia, "Sasa pita mama, zawadi tumeipokea."

Kwa hivyo msione haya kushuku. Mshuku mwenye mtoto mchanga, kwa sababu kwenye nepi nimetoa vitu vya ajabu. Mshuku anayekusifu. Mshuku na shoga yako, khasa shoga yako, maana yeye anajua unapotazama na usipotazama.

Sasa nikuhadithieni Sindano Butu, maana mnaniuliza kila siku na mnayoyasikia mengi ni ya kubuni.

Walikuwa wasichana watatu, wote wa kwetu Unguja kwa asili, waliokwenda Uingereza kusomea unesi. Huko badala ya kurudi na unesi peke yake wakarudi na magitaa. Ulikuwapo wakati ule muziki wa vijana wa kule, wa makelele na hasira, usiohitaji mtu ajue kupiga sana ili apige, nao wakaupenda kuliko kitanda. Zuwena binti Hilal ndiye mwimbaji. Asya binti Juma ndiye wa gitaa. Rahma binti Saleh ndiye wa ngoma. Jina la Sindano Butu walilipata wodini, mmeshalifahamu.

Walipoanza kupiga hapa kwenye kumbi za wanawake, mie nilikuwa bado nashikishwa mkoba na Bi Ruzuna. Asya alikuwa akilikwaruza gitaa kama mtu anayekwangua sufuria iliyoungua. Rahma anapiga ngoma bila ya madaha, kama anayegonga mlango wa mdeni. Na Zuwena haimbi, anagomba. Anagomba kwa mpango. Ulikuwapo wimbo mmoja wa usiku wa zamu, maneno yake machache tu, "Nimechoka, sikuumwa, nimechoka, sikuumwa," anayarudia mpaka unahisi ni wewe uliyechoka. Watu wamezoea udi na fidla, wakiletewa hiyo, nusu ya ukumbi ilikuwa ikinyanyuka. Bi Ruzuna akiwarejeshea vitu vyao mlangoni huku anacheka, anawaambia, "Poleni, mmechomwa." Lakini nusu iliyobaki, wanangu! Iliyobaki ilikuwa haijiwezi. Walikuwepo wasichana waliokuwa wakiwafuata ukumbi kwa ukumbi, na wengine wakalia walipovunjika.

Maana walivunjika. Zuwena akaolewa, Asya akamfuata mumewe Salala, Rahma akashika unesi wake. Yakaisha hivyo, bila ya ugomvi.

Kilichobaki ni kanda moja waliyoirikodi wenyewe kule Uingereza. Ikanakiliwa, na nakala ikanakiliwa, mpaka miaka ya tisini ukiisikiliza ni kama mtu anakaanga vitumbua na kuna msichana anagomba jikoni. Na bado ikipendwa! Wasichana waliozaliwa baada ya kundi kuvunjika walikuwa nayo garini. Ikafika mpaka kwenye teksi. Zuwena aliniambia siku moja alipanda teksi Ruwi, dereva asiyemjua anasikiliza sauti yake, tena anaitikia. Alishuka kabla ya kufika.

Kwa hivyo walipokubali kurudi, zaidi ya miaka ishirini imepita, wote wana wajukuu au wanawangoja, Zuwena aliweka sharti moja. Alilisema mbele yetu sote. "Safari hii, asiyekuwepo asisikie. Ikitoka hata dakika moja, mie natoka." Asya hakulipenda sharti lile. Yeye alitaka safari hii warikodi vizuri, dunia isikie. Rahma alisema yeye lolote, ila wapige. Alikuwa ameshafiwa na mumewe, vidole vimeanza kukakamaa, na daktari kamwambia avizoeshe kazi. Akasema sijaona kazi nzuri kuliko hii.

Wakawa wanajizoesha Ijumaa baada ya sala kwenye bohari ya kaka yake Rahma kule Rusayl, katikati ya makatoni ya vigae, viwanda vyote vimefungwa, hapana wa kumkera. Na mie nikaitwa niwekwe mlangoni kwa kumbi zote tatu: wa kwanza Wattaya, wa pili Suhar, wa tatu Sur. Wakaniambia Bi Zamzam, sharti la Zuwena liko mikononi mwako.

Ukumbi wa Wattaya uko nyuma ya maduka ya magari. Meza yangu iliwekwa ubavuni mwa pazia, na nyuma ya pazia ndiko kuliko na spika. Wakati ule simu zimeshaota kamera, na zina kadi ndani ya kuhifadhi sauti na nini. Utaratibu wangu ni kila simu kuifunga kwenye kifuko cha kitambaa na kuitia kwenye mtoto wa meza, yaani droo yake, nao naufunga kwa ufunguo ninaoning'iniza shingoni. Watu walinung'unika.  

Zuwena kuona watu wananung'unika, akaja mwenyewe, akatoa simu yake mbele ya wote. Akasema, "Mie ndiye mwenye shughuli na natoa yangu. Bi Zamzam, usiifungie, iache hapa juu ya meza, kila anayeingia aione." Watu wakacheka, wakaanza kutoa zao bila ya tabu. Nikasema moyoni, huyu mtu ana akili. Baada yake akaja bi mmoja, Ghaniya binti Amur, na mkoba mzito hata nikamuuliza una mtoto ndani au una jiwe, akanuna.

Wakapiga. Mie ndani sikuona, mlango huuonyeshi mgongo. Lakini makofi niliyasikia, na vigelegele, na watu wanaimba pamoja na Zuwena yale maneno ya "sikuumwa." Kwisha, wakatoka wanaulizana Suhar wataendaje.

Siku ya tatu yake binti yangu Jokha akaja nyumbani na uso wa msiba. Akaniambia, "Mama, imetoka." Ameisikia kazini, imo kwenye simu za wasichana, inarushwa kwa blututhi kutoka simu hii kwenda ile. Nyimbo ya zamu nzima, na nyengine nusu.

Nikakaa kwanza. Kisha nikaanza kushuku.

Watu wenye shughuli walikuwa wameshamtafuta wa kumbebesha, na wakampata wa karibu: Neema, msichana wa Kitanzania anayesafisha ukumbi, ambaye ndiye peke yake aliyekuwa akiingia na kutoka. Walitaka afukuzwe. Nikawaambia ngojeni, nikamwita. Neema mtu wa Moshi, hana maneno mengi. Akatoa simu yake mfukoni, akaiwasha tochi, akanimulika nayo usoni.

"Mama, simu yangu ni hii. Inapiga, inapokea, inamulika. Sasa mimi nimerekodi na tochi?"

Nikaigeuza, nikaifungua nyuma, nikaangalia kila pahala. Kweli ilikuwa ni tochi yenye namba. Nikawaambia wamwache, atafutwe mwengine. Wakamwacha kwa shingo upande, wanamtazama kila akipita na ndoo.

Nikaenda kwa Asya. Yeye ndiye niliyemshuku kwa moyo mmoja, sikufichieni. Alitaka irikodiwe tangu mwanzo. Alikuwa ndani na nyaya zake. Nani atamkagua mpiga gitaa? Nilimkuta anabadilisha nyuzi, miwani puani. Nikamzunguka kwa salamu, nikamuuliza khabari za Salala, nikamuuliza zile nyaya zinakwenda wapi na zinaishia wapi. Akaniachia nimalize, akavua miwani.

"Bi Zamzam, wewe hata malaika wa kutoa roho akija utamkagua mkoba."

"Ntamkagua. Wewe umerikodi?"

"Umeisikiliza?"

Nikasema sijaisikiliza, sitii haramu masikioni mwangu. Akacheka mpaka akashika mbavu. Akaniambia nenda kaisikilize kwanza, halafu urudi unitukane vizuri. Mie humo gitaa langu linasikika kama nzi ndani ya chupa. Nirikodi miye, nijizike mwenyewe?

Nikatoka kwake sina imani naye bado. Mtu akijibu vizuri mie huzidi kumshuku. Nikamwambia Jokha anipeleke Al Amerat kwa Zuwena, nikamwambie kabla hajaambiwa na wengine, na nimtaje Asya. Tulipokuwa tunapanda mlima, Jokha akasema mama, ninayo, nnakutilia. Nikamwambia haya, tia.

Wanangu, sauti ya Zuwena ilikuwa karibu, na nzito kuliko ile ya kanda ya zamani. Gitaa kweli ni nzi. Nikasikiliza kwa sikio la kazi. Mwanzo wake, kabla nyimbo haijaanza, kuna vishindo vya viti, kuna mtoto analia, kisha ikaja sauti ya mwanamke, kubwa, ya kero, imepita sauti zote:

"Una mtoto ndani au una jiwe?"

Jokha akafunga breki katikati ya mteremko. Gari ya nyuma ikatupigia honi. Akanitazama, nikamtazama. Ile sauti yangu.

Basi hapana haja ya kuhoji mtu tena. Chombo kilichorikodi hakikuwa ndani kwenye nguo ya mtu, wala kwenye nyaya za Asya. Kilikuwa mezani pangu, mbele ya pua yangu, ubavuni mwa pazia na spika. Na simu zote zilikuwa mtotoni mwa meza zimefungwa vifukoni, isipokuwa moja iliyokaa juu ya meza kila anayeingia aione. Bi Ruzuna alinifunza kumtafuta anayeficha. Hakunifunza la kufanya na anayekupa kwa mkono wake mwenyewe mbele ya watu, kimashine kimeshaanza kuzunguka. Nyinyi sasa mmefunzwa: simu mkipewa, izimeni kwanza.

Nikamwambia Jokha aendeshe, na akifika abaki garini.

Zuwena alinipokea vizuri. Nyumba mpya, barazani bado kuna harufu ya rangi. Akaleta tende, akaleta kahawa, na kabla sijasema akasema yeye. "Nimeshasikia, Bi Zamzam. Imetoka. Basi, nilisema ikitoka natoka. Suhar sendi, Sur sendi. Nimewapigia simu jana wenye shughuli wavunje."

Alisema kwa utaratibu kabisa. Na mie mtu aliyeibiwa namjua. Hupiga kelele kwanza, utaratibu huja baadaye. Zuwena alikuwa anamimina kahawa na mkono haumtetemeki.

Nikamwambia, "Simu ilikuwa yako."

Akamaliza kumimina. Akanisogezea kikombe. "Nani mwengine anajua?"

"Jokha. Yumo garini."

Akaniambia. Alitaka kujisikia. Miaka yote ile hajafungua mdomo mbele ya watu, na anaowauliza kama bado anaweza ni watoto wake na mashoga zake, wote watampa jibu moja. Nyuso zinadanganya, akasema. Mie nilitaka ushahidi. Akaiwasha simu, akaniachia mezani. Na alipofika nyumbani akajifungia chooni akasikiliza.

"Ukasikia nini?"

"Nikasikia bibi kizee anawagombeza watu wenye adabu zao."

Nikaona hapa panataka dawa, na dawa nnayo. Nikamwambia, wewe usisikilize makofi, makofi hata mie napigiwa nikimaliza kuosha vyombo. Ukweli wa muziki uko mlangoni. Anayekuonea huruma hupiga makofi, halafu huja kwangu polepole kutaka simu yake kabla hakujesha, mara ana mgonjwa, mara dereva anangoja. Usiku ule, nikamwambia, hakunijia mtu.

Akanitazama. "Hata mmoja?"

"Wallahi hata mmoja."

Nilidhani nimemponya. Akaweka kikombe chini.

"Bi Zamzam, zamani nusu ya ukumbi ilikuwa ikitoka. Muziki ni ule ule, hatukubadilisha hata kitu. Sasa hao waliokuwa wakitukimbia wamekwenda wapi? Wamekaa kwa sababu mie ni mama wa watu. Mke wa fulani, mkwe wa fulani. Wameona haya kuninyanyukia. Hiyo ndiyo huruma yenyewe."

 Nikala tende moja nipate wakati. Na katika kuitafuna nikaanza kulishuku jengine. Nikamuuliza sauti ile imetokaje kwenye simu yake ikafika kwa watu. Akasema ni binti yake, Ibtisam. Alimpa simu ambadilishie mlio, Ibtisam akaikuta, akaipenda, akamrushia binti ammi yake. Vijana hawa.

Nikamwambia, "Zuwena, wewe simu yako humpi mtu hata kutazama saa. Usiku ule wewe mwenyewe ndiye uliyekataa Rahma asiitumie kumwita dereva. Leo umpe Ibtisam, siku ile ile, na ile sauti imo?"

Akakizungusha kikombe chake.

"Uliiacha itoke. Ulitaka pa kutokea, na pa kutokea ukachagua mlango wangu. Watu waseme Bi Zamzam kazeeka haoni, na wewe uondoke na heshima zako. Na yule Neema wa watu alitaka kufukuzwa, unajua hayo?"

Hakujua ya Neema. Hilo nililiona usoni mwake, na mie nyuso nazisoma. Akajifuta kwa ncha ya shela. Akasema hakupanga, alimpa mtoto simu tu na akajua, akajua anachofanya, akampa vivyo hivyo. Akasema bora nivunje sharti langu kuliko nisimame Suhar tena nipigiwe makofi ya maiti.

Sikumbembeleza. Mie si mtu wa kubembeleza, na nilikuwa nimekasirika. Nikamwambia mambo mawili. La kwanza, awapigie Asya na Rahma sasa hivi, awaambie simu ilikuwa ya nani, na wenye shughuli awaambie pia, ili Neema afagie kwa amani. La pili, aende Suhar. Kule si mke wa fulani wala mkwe wa fulani. Hapana anayemwonea haya.

"Na wakikaa wote?"

"Basi acha, na mie ntakusaidia kufunga mizigo. Ntakuhesabia mwenyewe wanaotoka, na sintokuficha. Unanijua mie sijui kumpaka mtu mafuta."

Akafikiri. Akachukua simu, akaenda kusimama pembeni mwa baraza. Sauti ya Asya niliisikia mpaka nilipo. Sitaiandika hapa, watoto watasoma. Rahma aliuliza jambo moja tu, kama bado wanapiga au hawapigi. Nikamsikia Zuwena anasema, tunapiga.

Suhar ukumbi ulikuwa mdogo na umejaa. Walikuja manesi, walikuja walimu, walikuja wasichana wa ile kanda ya vitumbua, na wakaja watu wengi waliosikia tu kuna muziki wa kina mama na wakadhani ni taarabu. Simu nilizitoa betri mbele ya wenyewe. Ya Zuwena niliifungua ya kwanza, akasimama akanitazama mpaka nilipomaliza, kisha akapita ndani bila ya neno.

Nyimbo ya kwanza haijafika katikati, pazia likafunguka. Bibi wa makamo, nguo ya dhahabu, uso umekunjana. "Nipe simu yangu," akasema. "Hii shughuli au vita?" Nikampa. Wakaja dada wawili wamefuatana, mmoja anasema yule mama anatutukana, mwenziwe anasema hatukani, anagomba tu, lakini tumemkosea nini? Nikawapa. Akaja mwengine, na nyuma yake watatu, na kabla sijajijua wamepanga foleni, na mie natafuta betri za watu huku moyo unanienda mbio, maana nilichomwahidi Zuwena ni kweli, na kweli yenyewe ndiyo hii inanifikia foleni.

Walipopumzika, Zuwena akaja mwenyewe nyuma ya pazia. Jasho linamtoka, shela limeshukia mabegani.

"Wangapi?"

Sikumjibu kwa mdomo. Nikalifungua pazia kidogo. Barazani walikuwa wamesimama kundi zima na maabaya yao, wanangoja madereva, wanapokezana malalamiko. Bibi wa nguo ya dhahabu alikuwa anawaambia wenziwe huyu hajui kuimba, na kaka yake aliyemleta angesikia angetaka nauli yake irudi. Zuwena akawatazama mmoja mmoja, kama mtu anayewapokea jamaa zake uwanja wa ndege.

"Na waliobaki?" akaniuliza.

"Waliobaki hapana aliyeuliza saa."

Akavuta shela lake, akalifunga kiunoni kama wanavyofunga wanawake wanapokwenda kutwanga. Ndani nikamsikia Asya anamwita kwa jina. Akarudi. Rahma akagonga, gitaa likaanza kukwangua sufuria, na Zuwena akaanza kugomba kwa sauti ambayo Wattaya sikuisikia.

Haukupita muda akanitokea msichana mmoja, amejishika kichwa, ananiomba simu yake, anasema mama nisamehe, siwezi. Nikaukagua mkoba wake kwanza. Kisha nikampa simu yake kwa mikono miwili.